Ukuta wa Sebule ya Mama

Nyumba Na. 31, Mtaa wa Cobham,
Longton, Stoke-on-Trent.
19 Oktoba 2019

Mpendwa kaka Clive,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye mvua. Mgongo wako unaendeleaje? Na mkeo Marlene, mkono wake umepona? Sisi hatujambo. Goti langu linanisumbua nikipanda ngazi, lakini bado nagombana na watu, kwa hiyo ujue mimi mzima.

Najua unasubiri habari za nyumba ya Mama, basi nisikuzungushe. Tangu Februari, alipotoka hospitali na ile homa ya mapafu, amekuwa akikaa kwangu. Daktari alisema wazi kwamba asirudi kulala kwenye ile sebule mpaka ukuta wake ukauke, na ngazi za kwenda juu Mama hawezi tena. Wewe ukasema kwenye simu tuiuze ilivyo. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, akasikia. Kwa siku mbili hakugusa chakula, hata chapati za oti na jibini anazozipenda. Nilikukasirikia sana, Clive. Nakwambia ili yaishe.

Ukuta wenyewe unaukumbuka, ule wa upande wa barabarani, matofali yaliyoshikana moja kwa moja bila nafasi katikati. Kila sikukuu ya Mei marehemu Baba alikoroga kitu akaupaka. Saruji ndani, saruji nje kwenye maungio, kisha rangi nzito inayong'aa, halafu akarundika udongo wa mawaridi yake mpaka karibu na dirisha. Mtaa mzima wanaume walifanya vivyo hivyo. Unyevu ukitokea, unaufunika haraka kabla jirani hajauona. Ukapanda juu zaidi, naye akafunika juu zaidi.

Mwezi wa Machi alikuja bwana mmoja wa kampuni na kidude cha kupima unyevu kinacholia. Akataka atoboe matundu, apulize dawa ya kuzuia maji ndani ya matofali, na Ijumaa hiyo hiyo apige plasta. Nusura nitie saini.

Bahati nzuri jirani yangu akanielekeza kwa fundi Hazel Shufflebotham. Ni mwanamke mfupi, anakaribia miaka sitini, na kazi ya chokaa aliianza kwa kumbebea baba yake ndoo. Siku ya kwanza hata ndani hakuingia. Alisimama barabarani kwenye manyunyu karibu saa nzima akitazama juu, nikadhani amepotea. Kumbe alikuwa ameona mfereji wa paa umepasuka, unamwaga maji ukutani. Aliona pia kwamba udongo wa mawaridi umeyafunika yale mawe meusi membamba yaliyolazwa chini ya ukuta ili maji ya ardhini yasipande.

"Ukuta wenu unakunywa juu na chini, mpenzi," akaniambia, "halafu mmeuziba usiweze kupumua."

Kazi ilikuwa kumshawishi Mama, tukampeleka kwake aone. Alisema hakuna mtu atakayegonga ukuta wa Harold wake kwa nyundo, labda yeye awe amekufa. Mimi nilianza kubishana, unanijua. Hazel akanipita, akapitisha kiganja kwenye ile plasta ya Baba, taratibu, kuanzia dirishani hadi mlangoni.

"Aliyepiga hii alikuwa na mkono," akamwambia Mama. "Imenyooka kuliko za mafundi wengi. Kosa ni saruji, na wakati ule kila mtu aliuziwa saruji."

Mama akaitazama ile plasta. "Harold alikuwa habahatishi," akasema. "Basi, bandueni. Lakini msiitupe kwa kishindo."

Tuliibandua mwezi wa Mei. Kaka, matofali yalikuwa meusi kwa maji hadi usawa wa bega langu, na harufu ya kuvu ilinitoa nje. Hazel alirekebisha mfereji, akashusha udongo, na mawaridi tukayahamishia kwenye vyungu uani kwangu. Saruji ya maungio ya nje aliichimba kwa patasi na mkono, kwa sababu mashine ingeyavunja matofali. Akajaza chokaa. Matofali yaliyokuwa yamelika aliyatoa moja moja, akaweka ya zamani, laini kama yale yale.

Halafu tukangoja. Madirisha wazi kiangazi chote. Kila wiki alibandika kipande cha nailoni kwenye matofali, akarudi kesho yake kutazama kama kuna matone kwa nyuma. Juni, matone. Julai, matone. Mama kila asubuhi ananiuliza anaenda kwake lini, nami uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia Hazel apige plasta sasa hivi, la sivyo natafuta fundi mwingine. Akamaliza chai yake.

"Mtafute," akasema. "Mimi nikiufunika leo, nitakuwa nimemfungia mama yako ugonjwa wake humo humo."

Niliona aibu, Clive. Ningekuwa mimi ninayehitaji kazi, ningepiga hiyo plasta nikaenda zangu. Ni mwisho wa Agosti ndipo nailoni ilipotoka kavu, na nilimkumbatia barabarani mbele za watu.

Siku ya kuanza tulimleta Mama, tukamweka kwenye kiti. Kitu cha kwanza Hazel akachukua ndoo na brashi, akaanza kuurushia ukuta maji. Mama alitaka kusimama. "Kiangazi kizima tunaukausha, leo unauogesha?" Hazel akacheka, akamweleza kwamba matofali makavu yangenyonya maji yote ya chokaa kabla haijashika. Alipiga tabaka tatu, kila moja akiiacha ikaze kwanza, kwa hiyo kazi ilikwenda wiki kadhaa. Mama, aliyepaka dhahabu kwenye midomo ya vikombe kiwandani miaka thelathini, aliufuata mwiko ule kwa macho tangu mwanzo. Siku ya mwisho akasema neno moja tu: "Anajua." Mimi nimelingoja neno hilo maisha yangu yote, na Hazel kalipata kwa ukuta mmoja!

Jumamosi iliyopita Mama alirudi kwake. Jana muuguzi alimpima kifua, akasema hasikii mkwaruzo wowote. Niliporudi kutoka kumsindikiza muuguzi mlangoni, nikamkuta Mama ameegemea ukuta, shavu limeugusa, analia polepole. Nikamwacha.

Ile barua uliyoleta baadaye, ukisisitiza tuuze, nilimsomea, maana aliniomba. Amesema nikuandikie maneno yake bila kuyalainisha: "Mwambie Clive nyumba ataipata nikishafia humu. Mwaka huu sina nafasi ya kufa."

Nisalimie Marlene na mwanenu Tamsin, na umbusu mtoto wake mchanga kwa niaba yangu. Mzee Ron wa nyumba ya pili anakusalimu pia. Mungu awape afya huko kwenye jua lenu, na akulete umwone Mama akiwa kwake.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikiwa nimekununia,

Janice