Basi la Kijani la Moeraki

Tuatapere,
3 Februari 1998

Mwanangu Ross,

Salamu kutoka huku kwenye mvua. Mimi mzima, kuku wazima, goti la kushoto linalalamika kama kawaida yake. Natumaini wewe, Sharyn na watoto hamjambo hapo Christchurch.

Nakuandikia upate habari kabla wambeya wa duka la Dot hawajakufikishia. Nimeuza nyumba. Wenyewe wapya wanaingia mwisho wa Machi, na mimi natafuta basi la zamani la kuishi. Nitang'oa viti, niweke kitanda na jiko la kuni, niondoke. Miaka ishirini na sita nimeendesha basi la shule barabara ileile, kwenda na kurudi, na ukitoa matembezi machache ya wanafunzi, sijawahi hata siku moja kupita pale inapokata kona kwenda kwingine. Sasa nataka kupita.

Jumamosi nilikwenda Riverton kuangalia la kwanza. Kijana wa ndevu akaniambia injini yake inawaka mara moja, hata asubuhi ya barafu. Nikaweka mkono kwenye boneti, nikakuta moto.

"Mbona limeshapata joto?"

"Nililisogeza kidogo tu, mama."

"Ulilisogeza hadi Invercargill?"

Nikalala chini yake na bisibisi ya marehemu baba yako, nikadunga chasisi. Bisibisi ilizama kama kwenye keki. Kutu tupu, imepakwa rangi juu ili mjinga asione! Nilimwambia apande maua humo ndani. Nimerudi na hasira mpaka leo.

Vitu vyako viko darini. Njoo uvichukue.

Mama yako

*

Christchurch,
9 Februari 1998

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima. Watoto wanauliza kama ni kweli bibi anakwenda kuishi kwenye basi. Nimewaambia bibi anatania.

Nyumba nilimozaliwa imeuzwa, na mimi naambiwa katikati ya habari za goti na wambeya! Hukuona hata haja ya kuinua simu? Sharyn amenikuta nimekaa jikoni na barua mkononi, akadhani kuna msiba.

Una miaka sitini na saba. Mimi kazi yangu ya bima ni kupokea picha za magari yaliyopinduka, kila siku ya Mungu, na wengi wa waliokuwemo walikuwa na uhakika wanaijua barabara. Utalala wapi? Ukianguka usiku kwenye ufukwe usio na mtu, nani atajua?

Kuna makao mazuri ya wazee hapa, dakika kumi kutoka kwetu. Nimeshaandikisha jina lako. Chumba kina dirisha la bustani na kengele pembeni ya kitanda. Kinakuwa wazi Aprili. Acha mambo ya mabasi, Mama, tafadhali.

Mwanao

*

Tuatapere,
15 Februari 1998

Ross,

Mimi mzima, tena mzima kuliko ulivyomwambia yule mama wa makao, maana amenipigia simu akaniongelesha polepole kwa sauti kubwa kana kwamba mimi ni kiziwi au mtoto. Nilimjibu vilevile, polepole kwa sauti kubwa, akakata.

Umeandikisha jina langu! Jina langu, mimi niliye hai! Shikamoo yako nimeiona. Nitaiitikia nikipoa.

Sasa sikiliza. La pili lilikuwa Gore, halina kutu lakini paa limeinama, natembea humo kama kuku anayetafuta punje. La tatu, Ross, liko Moeraki. Ni Bedford ya mwaka hamsini na tisa, ya kijani, na ndani nasimama wima na kofia juu. Nilipofika boneti ilikuwa baridi kama jiwe. Tulipoiwasha ilikohoa, ikagoma, ikakohoa tena, ikawaka. Hiyo ndiyo injini isiyodanganya. Nilidunga chasisi toka mbele hadi nyuma, nikachoka kudunga.

Mwenyewe ni mzee Tipene, mjane kama mimi, ameishi humo na mkewe miaka kumi na moja. Unajua wenye mabasi haya walivyo: hawamuuzii mtu ambaye hajanywa nao chai ndani na kuwaambia analipeleka wapi. Jamaa mmoja wa Dunedin alikuja na noti mkononi, akarudishwa nazo kwa sababu alitaka kuligeuza kibanda cha chipsi. Mimi nilimpelekea mikate yetu ya jibini ya kuviringisha, tukanywa chai mpaka birika likakauka. Tumepeana mikono. Nakwenda kulichukua tarehe saba Machi.

Huyo wa kengele mwambie ampe mwingine chumba.

Mama yako

*

Christchurch,
21 Februari 1998

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, mdogo ana mafua kidogo.

Nimeisoma barua yako. Sitabishana tena. Kama huyo mzee Tipene ni mtu mwenye busara kama unavyosema, basi mambo yatakwenda yanavyopaswa kwenda. Chumba bado kipo.

Mwanao

*

Tuatapere,
8 Machi 1998

Ross,

Leo sikuulizi hali.

Jana nimesafiri kwa gari la Dot saa nne nzima mpaka Moeraki, na mapazia niliyoshona kwenye mfuko. Mzee Tipene hakunikaribisha ndani ya basi. Alisimama nje, kofia mkononi, hanitazami. Akasema, "Mama Noeline, nisamehe, siwezi kukupa." Nikamuuliza nimekosa nini. Akazungukazunguka, halafu akasema, "Mwanao alipiga simu."

Ulimwambia nasahau. Ulimwambia niliacha jiko linawaka nusura nyumba iungue. Ulimwambia siku hizi napotea njia ya kwenda dukani. Mimi nipotee njia ya dukani! Tuatapere ina njia moja!

Na ulimwambia vizuri, kwa upole, kama mtoto mwenye mapenzi. Mzee wa watu alikuwa karibu kulia kwa kunionea huruma. Dot alikuwa amesimama pale anasikia. Umenivua nguo mbele ya watu, Ross.

Nitakuambia kitu ambacho sijawahi kukuambia. Mtoto wa nchi hii akishuka kwenye basi anasema, "Asante, dereva." Hakuna anayemfundisha, anasikia wenzake wanasema naye anasema. Hata wale watundu wa McLeish waliokuwa wakibandika bazoka chini ya viti walikuwa wanasema. Mtoto mmoja tu kwenye basi langu hakusema hata siku moja. Alikuwa anakaa kiti cha nyuma kabisa anajifanya hanijui, na tukifika getini kwetu anaruka chini bila neno. Niliona uchungu lakini nikasema ni utoto, utaisha. Sasa ana miaka thelathini na tisa.

Shikamoo zako usinitumie tena.

Mama yako

*

Christchurch,
12 Machi 1998

Mama,

Shikamoo. Usipoitikia si neno.

Ndiyo, nilipiga. Nilidanganya, na ningedanganya tena. Umesema yako, nami niseme yangu ambayo nimeyameza miaka minane.

Baba alianguka zizini asubuhi. Aliyemkuta ni jirani, jioni, kondoo wamemzunguka. Ulikuwa wapi? Ulikuwa Te Anau kwenye matembezi ya shule na watoto wa watu, kwenye basi. Daktari alisema angeonekana mapema labda angepona. Alisema labda, lakini mimi hilo labda nalala nalo kila usiku. Sasa unataka na wewe uende ukalale peke yako mahali ambapo hata jirani hayupo, halafu nipigiwe simu na polisi wa mji nisioujua? Mabasi yameshanichukulia mzazi mmoja!

Nina hasira nawe. Usiniambie habari za utoto.

Mwanao

*

Christchurch,
4 Aprili 1998
(kwa mkono wa Dot, dukani, Tuatapere)

Mama,

Shikamoo. Barua zangu mbili, ile ya hasira na iliyofuata, hujajibu. Nimepiga simu nyumbani, kaitikia mtoto asiyekujua. Jumapili nimeendesha mpaka huko. Kwenye dirisha la chumba changu kuna mapazia ya watu wengine. Dot amenitazama kama mtu aliyekanyaga uchafu, akanipa sanduku la vitu vyangu vya darini, basi. Anasema uko salama, ila ameapa hasemi uko wapi.

Watu wa makao nao wamepiga simu, wanataka kujua chumba kinachukuliwa au hapana. Nimewaambia wasubiri.

Hasira zako baki nazo, ni haki yako. Lakini niandikie hata neno moja nijue uko hai.

Mwanao

*

Moeraki,
19 Aprili 1998

Ross,

Niko hai. Goti nalo lipo.

Kuhusu baba yako. Unadhani wewe peke yako unalala na hilo labda? Mimi ndiye niliyerudi siku ile nikiimba, nikakuta gari la jirani uani. Kitanda kile nimekilalia upande mmoja miaka minane, ule wa pili sijaugusa. Asubuhi ile aliniambia mwenyewe, "Nenda, watoto wanasubiri." Ukitaka kunilaumu, njoo unilaumu usoni, nitasikiliza mpaka umalize. Usimpigie simu mtu usiyemjua ukanifanya mwehu. Bado nina hasira na hilo, na nitakuwa nayo muda mrefu.

Nilipotoka kwenye nyumba nilikuja moja kwa moja huku. Nikamwambia mzee Tipene, "Mwanangu amesema nasahau. Panda, nikuendeshe, halafu uamue mwenyewe." Akapanda na kikombe chake cha chai. Nikalipandisha basi kilima, gia kwa gia, na kila kona nikamtajia kituo cha basi langu la shule na watoto wake. Kwenye daraja, mapacha wa Faulkner. Kwenye kiwanda cha mbao, Janine na kaka yake wa kamasi. Kwenye posta, McLeish wanne, mkubwa alikuwa anaogopa mbwa. Sikuruka hata mmoja. Tukiwa tunateremka kurudi akauliza, "Na kituo cha mwisho?"

"Cha mwisho alikuwa anashuka yule aliyekupigia simu."

Alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Basi ni langu. Yeye anahamia kwa binti yake Ōamaru, na amelibusu kwenye usukani kabla ya kunipa ufunguo.

Viti ambavyo yeye na mkewe walibakiza nimeng'oa. Wiki ijayo napita Christchurch kwenda kaskazini. Sijasema nakuja kukutembelea. Nimesema napita.

Mama yako

*

Christchurch,
2 Mei 1998
(Posta ya Picton, itunzwe mpaka ichukuliwe)

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, na mtaa mzima umeamka tangu siku ile.

Mtu anayepita hapigi honi saa moja asubuhi mara tatu. Mtu anayepita haegeshi basi la kijani getini likaziba gari la mwenzake siku ambayo mwenzake ana kikao. Na nilipotoka na suti na kipande cha mkate mdomoni kukuambia ulisogeze, ulisema, "Panda, nitakupeleka." Ulijua vizuri ulichokuwa unafanya.

Umeng'oa viti vyote, Mama. Umebakiza kimoja, cha nyuma kabisa, na ukaniambia nikae hapo kwa sababu hakuna pengine. Nikakaa. Tumegombana njia nzima, wewe ukinitazama kwenye kioo, mimi nikipiga kelele kushinda injini. Nilikulaumu kuhusu Baba kama ulivyosema nije nikulaumu, na kwenye taa nyekundu ukasema, "Haya, endelea, nasikia." Nilitazama mikono yako kwenye gia. Haikubabaika mahali popote, hata kwenye ule mzunguko unaonitisha mimi mwenye gari dogo.

Tulipofika ofisini wote walikuwa dirishani. Meneja, wasichana wa mapokezi, wote. Nikaona aibu, nikaruka chini upesi, nikaingia ndani bila kugeuka. Niliposikia unatia gia ya kwanza ndipo nikajua nimefanya nini. Nilikimbia mpaka kona, lakini ulikuwa umeshashika barabara ya Kaikōura, kuelekea kivuko cha Picton.

Chumba cha makao nimewaambia wampe mwingine. Bado naona ni wazimu. Ukilala popote nipigie simu, hata ya kunitukana. Na hilo jiko la kuni kagua bomba lake, limekaa vibaya, usiniambie sijui kitu.

Kuna neno nimeliacha mlangoni kwako. Asante, dereva.

Mwanao

*

(kadi ya posta, picha ya kivuko cha Picton)

Picton,
9 Mei 1998

Ross,

Bomba nimelikaza. Kesho navuka.

Marahaba.

Mama yako