Mia Tisa Haikutosha

2 Machi, asubuhi

Kwa Dada,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Huku wote wazima, ila mimi nimevuruga.

Kompyuta ya maabara uliyoniachia niliisasisha jana, programu zote, nikafuta na lile faili lako la mistari mitatu. Nilidhani takataka, kumbe ndilo lililoizuia programu moja isibadilishwe toleo. Sasa toleo jipya la programu hiyo halielewani na mashine ya kupima damu, na wagonjwa wanaelekezwa kwingine. Mkuu wa maabara nilimwambia papo hapo kwamba kosa ni langu. Amenipa hadi Ijumaa, la sivyo atatafuta mtu mwingine.

Faili nimeliandika upya, toleo la zamani nikalipa namba ya kipaumbele, mia tisa, ili kompyuta ilichague hilo. Wapi! Toleo jipya halibanduki. Nikwamue, Dada.

Mdogo wako

2 Machi, jioni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unauma nikiinama tu. Pole, na acha kujikaanga.

Matoleo ya kawaida yana kipaumbele cha mia tano, kwa hiyo mia tisa ingetosha kulizuia jipya lisiingie. Lakini likishaingia, kompyuta haikubali kurudi nyuma mpaka namba ipite elfu moja. Andika elfu moja na moja. Na utaje programu hiyo moja tu! Ukisema zote, zote zitarudi nyuma, utalia.

Nami nina kosa, sikuandika sababu kwenye faili.

Dada yako

9 Machi

Mdogo wangu, hujambo? Ijumaa imepita, simu hupokei. Wamekufukuza? Sema tu, sitakugombeza.

Dada

10 Machi, asubuhi

Dada, shikamoo, na unisamehe. Sijafukuzwa! Tumezama kwenye sampuli zilizolundikana. Niliandika elfu moja na moja, mashine ikaanza kusoma kabla sijakaa vizuri kitini.

Wewe ni kiboko. Miaka sita mistari mitatu imeibeba maabara nzima, na hukuwahi kujigamba. Najivunia kuwa mdogo wako. Sababu nimeiandika, atakayekuja ataelewa.

Mdogo wako

10 Machi, mchana

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi mpaka nimemsimulia jirani, ambaye hakuelewa kitu.

Ila usinipambe sana. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa hilohilo, nikasasisha kila kitu. Nilihangaika siku tisa kuipata hiyo namba, na kila aliyeuliza nilimwambia mashine ni mbovu. Fundi wa mashine akaitwa, akaifungua yote, akalaumiwa bure. Mkuu wa maabara hajui mpaka leo.

Wewe ulikiri papo hapo. Namba umeipata kwangu, ujasiri huo hukuupata kwangu. Nikimaliza barua pepe hii, namwandikia Mkuu wa maabara ukweli wote.

Dada yako