Fimbo Iliyoinua Kamba ya Nguo

Jumatatu, 3 Machi
Tumeanza. Kituo cha mafuta kilichofungwa miaka kumi na sita iliyopita: magugu, pampu mbili zisizo na mipira, na paka anayejiona meneja. Mwenye kiwanja anataka kujenga nyumba za kupangisha. Ofisi inataka nithibitishe kwamba matangi yaliyofukiwa chini hayakuvuja. Ni matatu tu, anasema mwenye kiwanja, yote yamejazwa mchanga. Ana mchoro. Kauchora mwenyewe wiki iliyopita.

Nyundo, mchorongaji wangu wa mashimo, akaninong'oneza: bosi, bora angetuchorea na maua.

Kinachoninyima raha ni nyumba iliyo chini ya mteremko, hatua tisini na mbili kutoka ukutani. Ya mama mkwe. Ana kisima uani: anakunywa, anapikia, anafulia watu nguo. Nimemwomba atumie bomba mpaka nimalize. Kasema bomba linakuja Jumanne na Ijumaa, kisima kinakuja kila siku.

Jumatano, 5 Machi
Mashimo manne. Udongo wa mita tatu chini unanuka. Nyundo kaunusa akafumba macho: "Petroli ya zamani hii," kama anayesifu manukato.

Tumechota maji ya kila shimo, na chupa moja ya kisima cha mama. Ya sita ni ya kulinganishia: maji safi kabisa, tunayafungua pale pale kazini, tunayafunga, yanakwenda maabara na wenzake. Yakikutwa na mafuta, basi uchafu umetoka kwetu, si ardhini.

Mama mkwe alisimama akinitazama. "Baba, kachupa hako katakutosha kweli?"

Jumatatu, 10 Machi
Sijui nicheke au nilie. Dada wa maabara kapiga simu. Chupa zote sita zina petroli, ya kisima imo, na ile ya maji safi imezishinda zote. "Kaka, hii mliijazia kwenye pampu?"

Nikamkalisha Nyundo, tukairudia siku nzima hatua kwa hatua. Ikajulikana. Alijaza petroli kwenye jenereta, kisha kwa glavu zile zile akanishikia vifuniko. Na nani alimwambia asibadilishe, boksi limebaki na chache? Mimi. Miaka ishirini na mbili kazini. Mwaka juzi nilifundisha semina juu ya jambo hilo hilo — nilikuwa na picha na kila kitu.

Mwenye kiwanja alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe mafuta ni ya mtaalamu!"

Nyumbani mke wangu kauliza: kwa hiyo maji ya mama ni mazima? Nikamjibu kwamba hatujui. Kasema nimesoma miaka yote ile ili nije nisijue.

Alhamisi, 13 Machi
Tumerudia. Sikupaka mafuta mwilini, sikugusa gari, nimekwenda kwa miguu. Glavu mpya kila chupa. Nyundo na jenereta yake wamekaa mbalimbali kama walioachana juzi.

Mama bado anakunywa.

Jumamosi, 15 Machi
Nilikwenda kumbembeleza tena. Nimemkuta anaanika. Kamba yake ya nguo inainuliwa kwa fimbo ndefu; tangu nioe, miaka kumi na tisa, nainama kupita hapo. Leo upepo ukaiangusha fimbo, nikaiokota. Ina alama za kisu, moja juu ya nyingine, kwa vipimo sawasawa. Kichwani imechongwa namba: 4.

— Mama, hii ni ya nini?

Ya baba mkwe wako, kasema. Alikuwa akipimia mafuta kule kituoni. Kila tangi na fimbo yake, hazichanganywi. Hii alirudi nayo tangi lake lilipoachwa. "Lilikuwa linapungua, baba, hata siku wasiyouza."

Nikakaa. Kwenye beseni. Lilikuwa na maji.

Jumatatu, 17 Machi
Nimemwonyesha mwenye kiwanja. Kasema huo ni mti wa kuanikia nguo. Kweli, nikamwambia, na namba? Akageuka kumtazama paka.

Nyundo hakungoja. Kazunguka akidunga nondo ardhini, mpaka nyuma ya choo cha zamani ikalia: ngo! Mita moja tu. Tukafukua kifuniko, nikateremsha fimbo. Iligota chini, alama ya juu kabisa ikakaa sawasawa na mdomo wa tangi. Ni yake. Nikaivuta: maji matupu, na utando mwembamba wa rangi rangi. Mafuta hayamo. Yamekwenda, na mteremko una upande mmoja tu.

Mwenye kiwanja kasema alisahau. Tangi zima!

Mama katuma ujumbe: fimbo yake irudi, mashuka ya watu yanaburura.

Jumatano, 19 Machi
Nipo mezani kwa mama mkwe. Dada wa maabara kaahidi kupiga saa kumi. Imebaki robo saa, naandika ili mikono ipate kazi. Madumu mawili ya maji niliyomletea asubuhi yapo mlangoni, hayajafunguliwa.

Nimemweleza yote: tangi, fimbo, mteremko. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema mumewe amekunywa hapa, mke wangu amekulia hapa, na juma lililopita mafuta yalikuwa ya glavu zangu. Akainuka, akarudi na glasi mbili za maji ya kisima. Moja kaniwekea mimi.

"Si umesema hujui? Basi asiyejua anywe."

Sijaigusa. Yeye kaishika yake, ananitazama nikiandika.

Simu inalia. Ni yeye wa maabara — kawahi, na huyu hawahi kamwe.

Glasi ya mama imefika kidevuni. Imesimama hapo. Hajanywa.