Tope Nililoliosha

Rehema mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mamako hajambo, yuko Changamwe kwa mumewe. Mimi nipo hapa Mjambere na kuku wangu watatu.

Waniuliza kama nilimjua yule bwana aliyechimba hapa petu, ambaye mwalimu wako asema vitabu vyake vimewafunza wengi kusoma udongo wa kale. Nilimjua. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha punde, nami nimeolewa juzi. Alichimba nyuma ya nyumba yetu, akapanga juu ya mkeka maganda ya chaza yaliyogandwa na tope jeusi. Siku moja alikwenda mjini. Nikaona haya: mgeni arudi akute uchafu uani kwangu? Nikayaosha yote yakametameta, na shimo nikalifagia.

Aliporudi alikaa kitako ukingoni mwa shimo. Kisha akasema, "Mama, tope lile ndilo nililokuwa nalitafuta. Ndani yake mlikuwa na mbegu za miti iliyoota hapa zamani za kale." Hakunigombeza. Wallahi, angenigombeza ningesahau.

Ulipokuja likizo uliacha mchanga wa ndara zako kizingitini pa chumba chako. Jirani asema siku hizi nimekuwa mvivu. Na aseme. Kila asubuhi nafagia nyumba nzima, nikifika mlangoni pako nainua ufagio, napita.

Ni mimi bibi yako,
Mwanaisha