Jivu la Jirani

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, salamu zako zimefika. Tu wazima, babu yako anakohoa, lakini bado anagombana na kuku.

Unauliza tulizuiaje viwavi bila dawa ya dukani. Tulinyunyizia maharage jivu asubuhi, majani yakiwa na umande.

Enzi za Mjerumani, mama alinituma kuomba jivu kwa jirani, ambaye mumewe alichukuliwa kujenga reli. Nilirudi mikono mitupu. Mafiga yake yalikuwa ya baridi, jikoni pamefagiliwa.

Nilipomweleza, mama alijaza maharage kapuni. “Mpelekee. Mwambie tunanunua jivu lake la kesho.”

Kesho yake nilibeba jivu lingali na joto.

Ukiulizwa wewe ni wa ukoo gani, anza na mama yangu huyo.

Bibi yako, Bigwa