Nimeandika "Sawa" Huku Mwenzangu Akiiva kwa Joto

Shangazi mpendwa, nisikilize, maana mwenzio nimefika mwisho. Mimi ni karani wa shirika moja hapa Voi, na mwaka jana tulihamia ofisi mpya ya kuta nene za mawe, haina mashine za kupoza hewa, na sasa meneja wetu, Donald, anakitaka sana cheti cha majengo yasiyoharibu mazingira, na alama moja ya cheti hicho hutolewa kwa kufuatilia kama wafanyakazi wanaona joto ama baridi, kwa hiyo kila siku saa nne na saa tisa nasoma vipimajoto ukutani, namwuliza kila mtu anajisikiaje, naandika kwa fomu.

Taabu ilianzia kwa Nasima, mjamzito wa miezi saba, meza yake iko kwenye dirisha la magharibi, linalopigwa na jua la alasiri. Kila nikimwuliza ananijibu, "Peris, mimi naiva." Nikaandika "joto". Donald akaikunjakunja ile fomu: "Huyu anatuharibia. Andika sawa." Nikaandika sawa wiki tatu mfululizo, Shangazi, kwa kuwa mkataba wangu unaisha mwezi ujao.

Juzi Nasima akaomba ahamishwe. Donald akamtolea fomu. "Si wewe mwenyewe umesema sawa?" Nasima akautazama mwandiko wangu, akanitazama mimi. Alasiri hiyo akazirai. Yeye na mtoto wako salama, Jumatatu anarudi kazini, na Alhamisi mkaguzi anakuja kutoka Nairobi. Nifanyeje?

Peris, Voi

Shangazi anajibu:

Pole, Peris. Sasa nikugombeze. Ulipewa kazi ya kuandika mtu alivyosema, ukaandika bosi alivyotaka. Tena kwa maneno yako, alama ni ya kufuatilia. Nani alikwambia lazima wote waone raha? Mkaguzi anajua Voi kuna joto! Anataka kuona mtu akilalamika anasikilizwa. Donald ana makosa yake, lakini kalamu ulishika wewe.

Jumapili nenda kwa Nasima nyumbani. Habari za mkataba ziache mlangoni. Sema, "Nilikukosea," unyamaze. Akikufokea, fokewa. Jumatatu mpe Donald fomu zilizosahihishwa, kopi ubaki nayo. Mkaguzi akikuuliza, mjibu kweli, hata Donald akikukazia macho.

Na kabla Nasima hajafika, mhamishe. Usiniambie hakuna nafasi. Ipo yako. Wewe huna mimba, kakae dirishani.