Filamu ya Bwana Mkato

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na magoti yamekupa nafuu. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu, na anasema usipolivaa lile sweta alilokufumia atakuja kulichukua mwenyewe.

Ningekupigia simu, lakini masikio yako, kama unavyosema, yamebaki ya kuvalia miwani tu. Kwa hiyo naandika.

Nimepata kibali cha kutengeneza filamu ya Bwana Mkato. Si ya kuigiza. Ni ya maisha yake hasa, kwa maneno ya watu waliomjua. Mwaka wa kumi na moja huu tangu afariki, na vijana wanamjua kwa vile vitabu vyake vitatu vinavyosomwa shuleni, basi. Wenzake wanaondoka mmoja mmoja. Mwaka jana nilipanga kumhoji yule profesa rafiki yake. Nilipofika na kamera nikakuta watu wamekaa msibani. Tangu siku hiyo nakimbizana na muda.

Filamu itaanza na kitabu cha nne, kile askari walichokichoma walipovamia kiwanda cha chapa. Kila ninayemhoji anaanzia hapo. Mjane wake, Bibi Mkunga, amenipa siku mbili nzima, mtaa wa tatu tu kutoka kwako, nami nikaondoka na gari la wenzangu bila kupita kukusalimu. Nisamehe kwa hilo. Lakini kati ya watu wa kiwandani, aliyebaki ni wewe peke yako. Nije lini? Maswali nitakuandikia kwa herufi kubwa.

Mpwa wako,
Kasuku

19 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi sijambo, magoti ndiyo yana maisha yao. Sweta navaa. Mwambie dada yangu aache vitisho.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umenirudisha mbali. Jina la Bwana Mkato tulimpa sisi wapanga herufi, unalijua hilo? Alikuwa anafika saa mbili asubuhi, kofia kwapani, anachukua kurasa za kusahihisha na kuzisoma amesimama kando ya mashine. Ukimpa kiti anakataa, anasema akikaa atayahurumia makosa. Siku moja alisimamisha mashine kwa ajili ya alama ya mkato moja. Msimamizi akamwambia, "Bwana, nani ataiona hiyo?" Akajibu, "Mke wangu ataiona." Tukacheka mpaka mchana, na jina likamganda.

Kazi yenyewe vijana wa leo hawaielewi. Herufi za madini ya risasi, moja moja, unazipanga kinyumenyume kwenye kijisanduku cha chuma ulichoshika mkono wa kushoto. Mimi mpaka leo naweza kusoma gazeti limegeuzwa juu chini, na kwa kinyozi huwa nawachekesha watu hivyo. Sakafu ilikuwa inatetemeka, hewa nzima mafuta ya taa na wino. Mashine ile ndiyo iliyokula masikio yangu, na bado naikumbuka kwa mapenzi. Wewe mama yako alikuwa anakuleta, unakaa juu ya marobota ya karatasi, unauliza maswali mpaka msimamizi anaomba apumzishwe. Jina la Kasuku likaanzia pale.

Lakini mbele ya kamera sitakaa, mwanangu. Nimekuchorea ramani ya kiwanda, kila meza mahali pake. Ukitaka rangi ya milango nitakuandikia. Kuhusu siku ile ya askari, waliosimulia wameshasimulia vya kutosha.

Mjomba wako

8 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Mimi nina mafua ya kuazima kwa mpiga picha wetu, mengine salama.

Ramani yako imemtoa machozi seremala anayetujengea kile kiwanda upya kwa ajili ya picha. Anasema hajawahi kupewa mchoro safi namna hiyo. Anaijenga meza yako vilevile, hata droo uliyosema ilikuwa haifungi.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Nimempata askari mstaafu aliyekuwepo siku ile. Amekubali kuzungumza mradi nisimwonyeshe uso. Amesema, "Mashine tuliivunja, msimamizi tulimpiga, sikatai. Ila kile kitabu hatukukichoma. Tulitumwa kukileta. Tulikuta majivu kwenye pipa la takataka, bado ya moto, na mkubwa wetu akanizaba kofi kwa kuchelewa."

Nilidhani anajisafisha. Nikalala na kuamka nalo siku nyingi. Kama ni kujisafisha, mbona ya msimamizi hakuyaficha?

Mjomba, nani alikichoma?

Mpwa wako,
Kasuku

2 Aprili

Mpwa wangu,

Nakusalimu. Mafua yameisha? Kunywa maji mengi.

Nilikichoma mimi.

Nimekaa na sentensi hiyo wiki tatu, na sasa naiona ni fupi kuliko nilivyodhani. Msimamizi alikuwa ofisini kwake na wateja. Mswada ulikuwa mezani kwangu, kurasa mia mbili na kumi kwa mkono wa Bwana Mkato mwenyewe, nakala moja tu duniani. Alikataa upigwe taipu, akamwambia msimamizi, "mpe yule, mwandiko wangu anaujua." Yule ni mimi. Fundi viatu wa jirani akaja mbio: askari wako kona ya pili, wanauliza kiwanda. Mwezi ule walikuwa wamemshika mhariri wa gazeti, na hakurudi.

Nilichukua mswada, nikatoka uani, nikautia kwenye pipa. Kurasa zilikuwa nyingi, zinakataa kushika moto, nikawa nazitia mojamoja kama mtu anayechambua mchele. Nilikuwa na muda wa kuuficha. Juu ya dari palikuwa na nafasi. Hilo ndilo linalonitafuna, si moto wenyewe. Niliogopa nikachagua lililokuwa jepesi. Ulikuwa na miaka minne, na wewe na mama yako mlikuwa mnanitegemea mimi, lakini usiniandikie kwamba nilifanya kwa ajili yenu. Nimejaribu kulisema hilo kwa nafsi yangu na halikunipa usingizi.

Jioni Bwana Mkato alikuja. Akanikuta nimekaa katikati ya vioo vilivyovunjika. Akauliza, "Kitabu?" Nikasema, "Wamekichoma." Akanishika bega, akasema, "Afadhali wewe umepona."

Kama angenitukana, labda ningesema kweli. Wiki moja baadaye maneno yangu yale yalikuwa gazetini, mwaka mmoja baadaye yalikuwa nchi za nje. Kila alikoalikwa walimtambulisha hivyo: mtu aliyechomewa kitabu na askari. Alijaribu kukiandika upya, akashindwa. Mimi nikaanza kumkwepa. Akituma salamu najifanya nimesafiri. Siku ya maziko yake nilisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya kibanda cha magazeti, mpaka watu wakatawanyika.

Fanya utakavyoona.

Mjomba wako

20 Mei

Kasuku,

Salamu. Sijapata jibu, na sikulaumu. Naandika tu kukuambia kwamba huhitaji kunificha kwenye filamu yako. Mimi nimejificha vya kutosha.

Msalimie mama. Kama umemweleza, msalimie hivyohivyo.

Mjomba wako

11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa kimya changu. Nilikasirika. Sikujua naweza kukukasirikia wewe, uliyenifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule.

Nilikuwa na dakika sita za mwanzo zimekamilika: moto, buti za askari, sauti nzito inasimulia. Mhariri wa picha akasema, "Acha ilivyo. Watu wameipenda hadithi hii miaka thelathini na nane, na wale askari hawana jina zuri la kupoteza." Nikamkubalia. Kesho yake nikakaa kuitazama tena nikashindwa kufika mwisho. Nimeifanya kazi hii nikisema kwamba wakubwa wetu wasisahauliwe. Sasa kumkumbuka mtu kwa uongo ni kumkumbuka nani? Nikazifuta zote sita.

Halafu nikaja huko kwenu. Ndiyo, nilikuja tena nikapita mlangoni kwako, nikaona sweta limeanikwa, sikubisha hodi. Nilikwenda kwa Bibi Mkunga nikamsomea barua yako yote. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso. Nilipomaliza akasema, "Zima hiyo kamera." Nikamwambia haijawashwa. Akasema, "Basi toka."

Sikumlaumu. Nikarudi kwangu nikijua filamu imekufa.

Juzi amenipigia simu. Hata salamu hakutoa. Aliuliza swali moja: "Huyo mjomba wako, alikisoma kabla ya kukichoma?" Nikasema sijui. Ndipo akanieleza jambo ambalo hakulisema mbele ya kamera. Mumewe hakumwonyesha hata ukurasa mmoja wa kitabu kile. Alimwambia atakiona kikishatoka, kimejaladiwa. Baadaye akikiulizia, mzee anaumia, kwa hiyo akaacha kuuliza. Amezeeka bila kujua kilikuwa na nini.

Amesema uende. Siku ya kwanza peke yako, kamera isiwepo.

Mjomba, ulikisoma?

Mpwa wako,
Kasuku

29 Juni

Mpwa wangu Kasuku,

Nakusalimu sana. Leo sina habari za magoti, yamenibeba mitaa mitatu kwenda na kurudi bila kulalamika.

Nilikisoma. Mpanga herufi mzuri husoma kwanza kazi yote ndipo aanze kupanga, na mimi nilikisoma mara mbili, saa za chakula cha mchana, kijiko mkono mmoja.

Alinifungulia mwenyewe. Tumekuwa wazee, mwanangu. Tulitazamana kama watu wanaotafuta nyumba waliyowahi kuishi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Akainua kiganja kunizuia, akaniwekea kiti, akachukua daftari la zamani la kliniki akaandika kwa herufi kubwa: KILIKUWA CHA NINI?

Nikamwambia. Watu wote wanadhani kilikuwa kitabu cha kuangusha serikali. Serikali haimo, hata karani wake hayumo; siku zile jina la mwandishi tu lilitosha kumfunga mtu. Ni habari ya mume na mke wanaojenga nyumba ya vyumba viwili, sura kumi na tisa, na sura nne nzima wanagombana dirisha la jikoni litazame wapi. Mume anataka litazame barabarani. Mke ni mkunga, anataka litazame uani, anasema akitoka kazini amewaona watu wa kutosha. Mume anashindwa, dirisha linawekwa uani, na sura ya mwisho yote ni yeye amesimama nje kwenye matofali yaliyobaki, anamtazama mkewe anaosha vyombo, hajui kama anatazamwa.

Nilimweleza kila nilichokumbuka, sura kwa sura, naye akiandika, na sentensi nyingine nilizitoa nzimanzima, maana vidole vilikuwa vimeshazipanga. Nilipofika kwenye dirisha akaacha kuandika. Akanyanyuka akaingia jikoni. Kutoka nilipokaa nililiona dirisha lenyewe, na ua, na kamba ya nguo. Alisimama pale muda mrefu amenipa mgongo. Sisikii, kwa hiyo sijui kama alilia au alicheka. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Aliporudi nikasema lile nililokwenda kulisema. Nilisema, "Mama, mimi ndiye niliyekunyima hili." Akaketi. Akaandika taratibu, akanigeuzia daftari, nami kwa haraka zangu nilikuwa nimeshalisoma juu chini kabla hajaligeuza:

SIJAKUSAMEHE. UMERUKA SURA YA SITA. NJOO KESHO SAA MBILI, NA HUYO MPWA WAKO ALETE KAMERA.

Barua hii nampa dereva wa gari la jioni akufikishie leo hii, basi panda gari la alfajiri. Mimi nitakuwa nimeshafika.

Mjomba wako